Ng'ombe Niliyemchagua

Harufu ya molasi ikinipata popote, hata dukani, miguu yangu hutaka kupanda. Ndivyo zilivyonukia asubuhi zetu mwishoni mwa miaka ya tisini, katika shamba dogo lililojibanza kilimani nyuma ya mji wa Queensburgh, huku kusini kabisa mwa Afrika: molasi juu ya majani makavu, jasho la farasi, ngozi ya matandiko iliyopakwa mafuta, samadi mbichi ikifuka mvuke. Mwenye shamba alikuwa Anti Ansie, mjane wa Kizungu wa miaka thelathini na kitu, na mabanda yake sita ya farasi na zizi moja la ng'ombe. Baba yangu, Msukuma wa Shinyanga, alimchungia ng'ombe hao, nasi wawili tulikaa chumba cha uani. Farasi walikuwa mikononi mwa Papa Kalala, Mkongo wa Lubumbashi, mtu wa maneno mengi. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja, mwepesi, tena siogopi, au walidhani siogopi. Basi Anti Ansie akaruhusu nifundishwe kutenga ng'ombe juu ya farasi, kwa mashindano ya watoto.

Kazi yenyewe ni hivi. Unaingia polepole katikati ya kundi, unamtoa ng'ombe mmoja, halafu unashusha mkono wenye hatamu mpaka shingoni mwa farasi na kuuacha hapo. Kuanzia hapo wewe huna amri tena. Ng'ombe anataka kurudi kwa wenzake, farasi anamzuia peke yake, kulia, kushoto, na ukivuta hatamu unakatwa alama. Mimi nilivuta kila mara. “Mukono chini, mama!” Papa Kalala alikuwa akipiga kelele. “Ule farasi iko na akili kukupita. Weye uko muzigo tu!” Na kweli nilikuwa mzigo. Farasi wangu, Rosa, alikuwa jike la kahawia la miaka kumi na saba, goti la kushoto likimlia kama mlango mbovu, lakini akimwona ng'ombe anageuka, yeye alikuwa ameshageuka zamani. Ilinichukua miezi mingi kumwamini. Siku niliyoweza kuuacha mkono ulale, nililia, sijui kwa nini.

Wiki moja kabla ya mashindano, Anti Ansie alituita, mimi na Papa Kalala, karibu na bomba. Alisema nafasi ni sita na kuna farasi kijana anakuja. Rosa akionyesha kwamba bado anaweza kumzuia ng'ombe, atabaki afundishe watoto. Asipoweza, Jumatatu atakwenda na mnunuzi wa farasi wazee. Hakusema kwa ukali. Alimpapasa Rosa uso muda wote aliokuwa akisema. Nataka liandikwe hivyo, maana ndivyo lilivyokuwa.

Jumamosi ya mashindano, kwenye uwanja wa maonyesho, kundi la ng'ombe ishirini hivi lilisimama ukutani likitafuna. Papa Kalala alishika kikuku cha tandiko nilichokanyagia akaninong'oneza, “Kamata ya katikati, ile haina rafiki. Ile hakuna mwenye ataililia.” Akazunguka upande wa pili kumkaza Rosa mkanda wa tandiko. Ndipo Baba akaja. Baba hakuwahi kupanda farasi, lakini ng'ombe aliwajua kama mtu anavyojua ndugu zake. Alilitazama kundi, akanionyesha kwa kidevu jike jekundu lenye baka jeupe begani. “Huyo ndiye mama yao, mwanangu. Mtoe huyo, umemaliza kazi.” Kwao Usukumani ukitaka kuhamisha kundi humswagi kila mmoja, unamtoa anayetangulia. Nilikuwa na mashauri mawili, na moja lilikuwa la mzazi wangu. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia, na guu likavunjika la mwingine.

Nilimtoa yule jike vizuri kabisa, naweza kusema hivyo bila kujisifu. Nikashusha mkono. Akasimama, akainua shingo, akalia mara moja tu. Kundi zima likatoka ukutani likamfuata. Rosa aliwazuia wawili, wakapita watatu. Akamgeukia wa baka jeupe, wakapita wengine sita. Masikio yake yalikwenda mbele, yakarudi nyuma. Nilihisi chini ya mapaja yangu jinsi alivyokuwa akiuliza, yupi? Nami nilikuwa nimekaa juu yake, mkono shingoni, kama nilivyofundishwa. Goti likamsaliti akapiga magoti mchangani. Watu walicheka, si kwa ubaya, ilichekesha. Na sauti ya Baba ikapaa kutoka kwenye uzio, sauti ya furaha tupu: “Umewatoa wote! Wote!” Alikuwa akipiga makofi. Kisha akamwona Papa Kalala ameshika kichwa, na makofi yakapungua, moja, moja, yakaisha.

Nilimfuata Anti Ansie nikamwambia kwamba Rosa hana kosa, ni mimi niliyechagua vibaya. Baba sikumtaja, kazi yake ilikuwa kwenye zizi lile lile. Anti Ansie aliinama akanifuta mchanga usoni. “Wewe ni mtoto mwema,” alisema, “unamtetea rafiki yako.” Nikarudia. Akaniambia sharp, sharp, yaani haya basi, nenda ukanywe maji. Jumatatu lori lilikuja nikiwa darasani. Jioni Papa Kalala, ambaye siku hiyo hakuwa na mzaha, aliniambia tu, “Alipanda mwenyewe, mama. Hakuna mutu alimuvuta.” Baba alikata majani mpaka giza likaingia. Hatukuwahi kuzungumza habari ile, na sasa hayupo wa kuzungumza naye.

Leo nakaa Umbilo, si mbali na kilima kile, ghorofa ya tatu. Juzi binti wa jirani alinionyesha kwenye simu jinsi alivyoanguka kwenye mashindano ya farasi. Alirudisha picha nyuma mara nne, akaisimamisha, akasema, ona hapa Anti, ni mimi, farasi hakukosea. Mwalimu wake aliona, akakubali. Nilifurahi kwa ajili yake. Mimi nilikuwa na neno langu tu. Nimeshaupita umri aliokuwa nao Anti Ansie, na nimejiuliza mara nyingi: angekuja kwangu mtoto wa mchunga ng'ombe wangu, uso umejaa mchanga, ananiambia vile, ningemwamini? Ningependa kusema ndiyo. Nadhani ningemfuta uso.