Siku Niliyokuwa Mchezaji Bora

Nilicheza kiungo mkabaji. Kwa asiyefuatilia mpira, huyo ndiye anayesimama mbele ya mabeki, anampokonya adui mpira, anampa mwenzake, kisha anarudi mahali pake. Watu hawatoi kiingilio kumwangalia yeye. Wanamkumbuka siku akikosea. Nafasi hiyo nilipangiwa na mwalimu wa michezo wa shule yetu ya msingi kule Mahege, wilayani Kibiti, kwa kuwa nilikuwa na pumzi na sikuwa na maneno, na sikuiacha mpaka goti liliponiachisha.

Baba alikuwa mkulima wa mpunga. Nyumba yetu ilikuwa juu, mahali pakavu, lakini shamba lilikuwa bondeni, na msimu wa kulinda mpunga alihamia huko akakaa kwenye dungu, kibanda cha miti kilichosimama juu ya nguzo ili maji yakija yapite chini. Mpira hakuupenda wala hakuuchukia. Nilipopata timu ya ligi kuu Dar es Salaam, nilimfuata shambani kumuaga. Alikuwa anasuka kamba. Akaniuliza, "Hao watu wanakuajiri kwa kukimbia tu?"

"Ndiyo, baba."

"Haya. Basi kimbia vizuri."

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenihadithia kwamba mzee alianza kwenda kwenye kibanda cha kuonyesha mpira kila timu yetu ilipocheza. Sheria za mchezo hakuzijua. Aliniangalia mimi tu. Picha ikienda upande mwingine aliwasumbua vijana waliokaa naye: "Yuko wapi mwanangu? Mbona simwoni mwanangu?" Goli likiingia wenzake wakiruka, yeye alikuwa bado ananitafuta.

Mwaka ule mvua zilinyesha bila kupumzika. Kabla ya kuingia kambini nilimpigia simu. Akasema mto unapanda, lakini mto hupanda kila mwaka, na mpunga wake ulikuwa umeshavunwa, umebaki kuhamishwa tu. Nikamwambia auache. Akacheka. "Nawe ukiambiwa uache mpira katikati ya uwanja, utauacha?"

Tulikuwa tunajiandaa kwa mechi kubwa, ile ambayo mji mzima husimama. Kambini simu zote hukusanywa. Meneja wa timu alizitia kwenye begi akalifunga, akasema ni kwa faida yetu, tusikorofishwe na wake zetu wala na watu wanaotafuta matokeo ya kubashiria. Hakuna aliyebisha. Meneja huyo hakuwa mtu mkali. Tukiumwa alikuja kutujulia hali chumbani, na siku za Ramadhani alihakikisha futari iko tayari kabla ya adhana.

Asubuhi ya mechi alinimiminia chai kwa mkono wake. Niliona ajabu kidogo, nikadhani ananipa moyo.

Niseme ukweli, sijawahi kucheza vile, si kabla wala baada. Kila mpira uliopigwa katikati nilikuwa nimeshafika. Mchezaji wao hatari, yule aliyeimbwa na nusu ya uwanja, nilimfuata mpaka akaanza kunitukana, na mtu wa namna hiyo akianza kutukana, kiungo anayemkaba huwa ameshamaliza kazi yake. Tulishinda kwa goli la kipindi cha pili lililotokana na mpira niliounyang'anya. Filimbi ya mwisho ilipolia, waliniita nikapewa tuzo ya mchezaji bora, na mtangazaji akanisogezea kipaza sauti. Nikamshukuru Mungu, kocha na wenzangu. Halafu nikasema, "Na baba yangu, najua ananiangalia kule Kibiti. Baba, nimekimbia."

Wenzangu wakanibeba mpaka vyumba vya kubadilishia nguo. Walikuwa wanaimba. Meneja akanishika mkono akanitoa hadi ukumbini, penye mifuko ya mipira.

"Kaa," akasema.

"Nina jasho. Sema tu."

"Kuna taarifa ya nyumbani. Mzee ametangulia."

Nilidhani nimesikia vibaya kwa sababu ya kelele. Nikamwuliza ametangulia wapi. Akarudia kwa neno lenyewe, amefariki, mto umemchukua. Nikauliza taarifa imefika saa ngapi. Akaangalia viatu vyake.

"Asubuhi. Dada yako alinipigia."

"Asubuhi ya leo?"

"Ningekuambia, ungecheza?"

"Nisingecheza."

"Ndiyo hivyo, bwana mdogo. Nielewe."

Tuzo ilikuwa bado mkononi mwangu. Sijui niliiacha wapi.

Nilifika nyumbani kesho yake asubuhi, nimevaa traksuti ya timu kwa kuwa ndiyo niliyotoka nayo. Dada alinieleza mambo yalivyokuwa. Baba alipakia magunia kwenye mtumbwi, maji yakamgeuza kwenye mkondo. Majirani walimkuta siku iliyofuata, amenaswa kwenye matete. Mwili haukuwa wa kukaa. Dada alipiga simu yangu, imezimwa, akapiga ya meneja, namba niliyomwachia kwa dharura. Meneja akamwambia, "Pole sana dada, atakuja." Hakusema lini. Dada akawaambia watu niko njiani. Wakangoja. Adhuhuri ikapita. Wakasali alasiri, wakamsalia maiti, wakambeba mpaka makaburini, na pale wakangoja tena jeneza likiwa kando ya kaburi. Ndipo mtu akaja na baiskeli kutoka kwenye kile kibanda cha mpira akasema, "Msimngoje. Yupo uwanjani anacheza. Nimemwona kwa macho yangu."

Wakazika.

Mama alikuwa amekaa mkekani chumbani, ameshaanza eda. Nilipopiga magoti mbele yake aliniuliza kama nimekula. Hakuuliza jambo jingine siku ile, wala siku zilizofuata. Baba mkubwa, kaka yake marehemu, alikuwa barazani na wanaume wengine. Nilitoa salamu ya Kiislamu, akaijibu kwa kuwa ni wajibu. Nikamwambia shikamoo. Akageuza uso, akatazama barabarani.

"Baba mkubwa, sikuambiwa. Wallahi sikuambiwa."

"Baba yako alikuwa na mtoto mmoja wa kiume," akasema, macho yake bado kule kule. "Tumemteremsha kaburini sisi wazee, migongo hii. Na jioni vijana wananiletea simu, nakuona unacheka."

Ile video ilikuwa imeshaenea. Kila nilipopita nilisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye simu ya mtu: baba, nimekimbia. Dada alijitahidi kueleza, akaenda nyumba moja baada ya nyingine, mpaka akachoka. Nani atasikiliza maelezo ya mwanamke aliyefiwa, wakati video yenyewe anayo mkononi na inacheza upya akiibonyeza?

Nilirudi klabuni baada ya hitma. Watu huniuliza kwa nini nilirudi. Nilikuwa na mkataba, na nje ya mpira sikuwa na kazi niliyoijua. Meneja akanipokea kama kawaida. Nilimkwepa mezani, naye akajifanya haoni. Nilicheza msimu wote, lakini kila tulipokuwa mbele kwa goli nilianza kutazama kwenye benchi, nione kama kuna mtu amekunja uso, kama kuna jambo wanaloficha. Kiungo hatakiwi kutazama benchi.

Goti lilikatika mazoezini, asubuhi moja ya kawaida, bila kuguswa na mtu. Nilipinda kuugeukia mpira, mguu ukabaki pale pale. Daktari alisema ni mshipa wa ndani, unahitaji upasuaji. Ukaahirishwa, ukaahirishwa tena, mkataba ukaisha. Nilirudi Mahege nikichechemea. Bondeni sikulima. Nikafungua shamba la ufuta juu kabisa, mbali na mto, na baba mkubwa alipofariki tulikuwa hatujasemezana zaidi ya salamu ile ya wajibu.

Mwaka jana nilikwenda Kibiti kununua dawa ya wadudu. Basi la ile timu lilikuwa limesimama wapate chakula, wako safarini kwenda kusini. Meneja alinitambua yeye kwanza. Ameota mvi.

"Kiungo wangu!" Akanikumbatia, akawageukia wachezaji waliokuwa wanakula. "Mnamwona huyu? Huyu alicheza mechi moja, hamtaiona nyingine kama ile." Wakapiga makofi kwa adabu, midomo imejaa wali.

Nikamwambia kaburi la baba si mbali, tukichukua pikipiki tunakwenda na kurudi, akamwombee dua. Nilisema kwa upole, na nilikuwa sitanii. Akaishika saa yake kama mtu anayepima mapigo ya moyo.

"Dereva anataka tuondoke. Siku nyingine, inshallah."

Akaingia ndani ya basi. Nilibaki pale mpaka likaishia kwenye kona, nikachukua dawa yangu nikarudi shambani, maana wadudu walikuwa wameshaanza kula maua.