Marehemu wa Vitanda Vitatu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua chumba cha kulala cha mfalme, Bi Msiguse alibisha mlango. "Hodi," alisema, akasubiri. "Hodi," alisema tena, akasubiri. Hodi ya tatu ilipokosa jibu kama zile mbili, alizungusha ufunguo, akaingia kwa kunyata, akakiinamia kitanda kikubwa cha nguzo nne na kusema, "Shikamoo." Kisha alikagua kamba nyekundu iliyokizunguka kitanda, akaikaza palipolegea, akaketi kwenye kiti chake cha mbao karibu na mlango kungoja wageni.

Mfalme mwenyewe alikufa kabla bibi mzaa mama wa Bi Msiguse hajazaliwa.

Wafagiaji wa jumba lile walimcheka. "Siku akikuitikia," walimwambia, "utateremka ngazi na viatu mkononi."

"Wafalme hawaitikii ovyo," aliwajibu.

Jina la Bi Msiguse walimpa wafagiaji haohao, likamganda. Kazi yake ilikuwa sentensi mbili tu. Ya kwanza: "Hapa ndipo mfalme wetu wa mwisho alipokata roho, mkono wake wa kulia ukiwa juu ya mto huu." Ya pili: "Tafadhali msiguse." Ya kwanza aliisema kwa sauti ya msibani. Ya pili aliisema taratibu, bila kupandisha sauti, na watu wazima wenye vyeo vyao walirudisha mikono mifukoni kama watoto waliofumaniwa na sukari mdomoni. Muuza nyanya wa mtaani kwake alimwachia genge kila alipopatwa na dharura, kwa sababu mbele ya Bi Msiguse hapakuwa na mteja aliyethubutu kubonyeza nyanya.

Alikuwa pia mkweli, mkweli kiasi cha kuudhi. Aliwahi kuulizwa harusini kama bibi harusi amependeza, akajibu kwamba nguo imependeza. Ile sentensi ya kwanza aliisema miaka yote hiyo kwa sababu aliiamini. Angekuwa na shaka nayo hata chembe, ingemkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Binti wa kaka yake alipopata kazi ya maktaba, kwa mshahara wake wa kwanza alikodi gari. Binti huyo alikuwa msomi na mkimya. Nyumbani kwao walisema ananunua maneno kwa rejareja. Alikuja jikoni kwa shangazi yake, akasimama kando ya jiko, akaangalia viatu vyake.

"Shangazi, siku yako ya mapumziko tunatoka. Gari la peke yetu. Majumba ya wafalme, na pwani."

"Majumba ya wafalme," alirudia Bi Msiguse. "Mwanangu, mwokaji mikate unampeleka akatazame tanuri?"

Lakini siku ilipofika alikuwa amekwisha kuvaa kabla jogoo hajaamua kama awike au alale tena.

Dereva alikuwa mwanamume mnene, mchangamfu, aliyeendesha kwa mkono mmoja na kueleza kwa mwingine.

"Tunaanzia jumba la mjini," alitangaza.

"La mjini hatuendi," alisema Bi Msiguse kutoka kiti cha nyuma.

"Lipo kwenye ratiba, mama. Mimi huwa nabaki na gari, lakini wageni wangu wanalisifu. Kuna bibi mmoja mle ndani, wanasema ni mkali kama pilipili kichaa."

Binti aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

"Mkali vipi?" aliuliza Bi Msiguse.

Dereva alimtazama kwenye kioo. Akatazama barabara. Akatazama tena kioo.

"Mkali kwa wema, mama," alisema. "La mjini tumelipita."

Barabara ilitoka mjini, ikapanda, ikaanza kufuata kingo za miamba. Kila bahari ilipojitokeza dereva alisema, "Kushoto, mandhari," kama kondakta anayetaja kituo. Mawimbi yalikuwa yakipasuka chini kabisa, meupe, na Bi Msiguse alifungua kioo chake upepo umpige. Alifurahi. Na walipofika kwenye jumba la pili, jeupe, lililosimama ukingoni mwa mwamba kama kikombe kilichosahauliwa pembeni mwa meza, alifurahi zaidi, maana alipitisha kidole juu ya nguzo ya ngazi na kukiangalia.

"Vumbi," alimnong'oneza binti, kwa raha ya mtu aliyesikia harufu ya chungu cha jirani kikiungua.

Ghorofani walikuta mlango umefungwa. Mazoea yana taabu. Kabla hajafikiri, Bi Msiguse alikuwa amekwisha kubisha.

"Hodi," alisema.

"Karibu," iliitikia sauti nzito ya kiume kutoka ndani. "Pita."

Bi Msiguse alishika ukuta. Mkono wake mwingine ulikuwa umeshafika kwenye kisigino cha kiatu pale mlango ulipofunguka na kutokea mzee mrefu mwenye glavu nyeupe na funguo kiunoni.

"Karibuni, karibuni. Upepo huu huufunga mlango bila kuniuliza."

Nyuma yake kilionekana kitanda cha shaba, na kukizunguka kitanda ilikuwapo kamba, ya buluu. Mzee alikohoa kidogo, akaishusha sauti yake mpaka mahali ambapo Bi Msiguse alipafahamu kama kiganja cha mkono wake.

"Hapa ndipo mfalme wetu wa mwisho alipokata roho," alisema, "uso wake ukiwa umeelekea baharini."

Bahari tu ndiyo iliyoendelea na shughuli zake huko chini.

"Mfalme yupi?" aliuliza Bi Msiguse.

"Wa mwisho, mama."

"Yule mwenye ndevu mbili na jicho la makengeza?"

"Huyo huyo."

"Alifia mjini."

"Hapana, mama," alisema mzee kwa upole wa mtu aliyezoea kusahihisha wageni. "Mjini alikuwa analala. Kufa, alifia hapa."

Bi Msiguse alijisikia kama mjane ambaye, katikati ya msiba, anaona mwanamke mwingine akiingia analia kwa haki zote, na nyuma yake watoto wenye pua ya marehemu.

"Nani kakwambia?" aliuliza, sauti ikimpungua.

"Aliyeniachia kazi. Naye aliambiwa na aliyemwachia."

Bi Msiguse alifungua mdomo kumwonyesha upuuzi wa ushahidi wa namna hiyo, akaufunga. Yeye mwenyewe hakuwa na mwingine. Aliyemwachia kazi alimkabidhi ufunguo, kiti na sentensi mbili, akaenda zake kustaafu.

"Kwangu kuna mto," alisema hatimaye. "Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya mto."

Mzee alimtazama upya, kuanzia viatu hadi mtandio. "Ala. Kumbe ni wewe wa mjini." Akavuta pumzi. "Haya, wewe una mto. Mimi nina dirisha. Mgonjwa wa mapafu anataka hewa, dada yangu. Dirisha lako linatazama nini?"

"Soko."

"Soko la nini?"

Binti alimwona shangazi yake akihangaika. Mtu mwingine angesema la maua.

"La samaki," alisema Bi Msiguse.

"Basi afadhali angefia kwangu."

"Angefia pazuri. Lakini hakufia."

Mzee alicheka kidogo, akavua glavu moja, na mkono uliotokea ulikuwa wa kawaida kabisa, wenye kucha zilizokatwa vibaya. "Sikiliza, dada. Habari zako nilizisikia zamani. Wageni huropoka. Sikuja kuangalia hata siku moja."

"Kwa nini?"

"Wewe sasa umeangalia. Unajisikiaje?"

Garini, Bi Msiguse alilitazama jumba mpaka likapotea nyuma ya kona. Kisha akaliambia kisogo cha dereva, "Ulijua."

"Mama, mimi nina familia."

"Sijakuuliza familia. Mfalme alifia wapi?"

Dereva aliikuna shingo. "Wageni wengi hulipia jumba moja tu, mama. Basi mfalme hufia pale walipolipia."

"Na wanaolipia mawili?"

"Hao huwa wamechoka, hawasikilizi."

"Na matatu?"

Dereva aliteremsha kioo chake. "Kushoto," alisema, "mandhari."

Walisimama kwenye kilima kilichosifiwa kuliko vyote katika ratiba. Miamba ilikuwa imepangana kama meno ya mzee, maji yakiingia na kutoka katikati yake, na mbali kabisa rangi ya bahari ilikuwa imeshikana na ya mbingu. Watu husafiri kutoka mbali kuja kusimama pale. Bi Msiguse alikaa juu ya jiwe, akaipa bahari mgongo.

"Mama, iko upande huu," alisema dereva.

"Naisikia."

Binti alifungua kifurushi cha mkate na mayai ya kuchemsha, akamenya yai moja, akampa.

"Mfiwa hali," alisema Bi Msiguse. Lakini yai lilikuwa limekwisha kumenywa, na yai lililomenywa halirudi ndani ya ganda, akalila.

"Nimewadanganya watu," alisema baada ya kumeza. "Watoto wa shule, mwanangu. Kuna mmoja alilia, nikampa leso. Mama mmoja alikuja na maua. Nimesema uongo kila siku ya Mungu, tena kwa sauti ya msibani." Alikung'uta maganda mapajani. "Na kesho watakuja wengine. Watasimama pale, watanitazama mdomoni. Ile sentensi haitatoka, najijua. Na bila ile sentensi mimi ni nani mle ndani? Bibi na kiti."

Binti alimmenyea yai jingine. Dereva, ambaye hakuulizwa, alisema kwamba marehemu wengi huacha nyumba ndogo, na kwamba mwenye busara hapigi hesabu za marehemu. Bi Msiguse alimtazama, naye akakumbuka kwamba tairi la mbele lilihitaji kuangaliwa.

Jumba la tatu lilikuwa chini kabisa, karibu na maji. Dogo, rangi imebambuka kwa chumvi. Njia nzima kuteremka Bi Msiguse aliapa kwamba hatasema neno tena katika jumba la mtu. Mlangoni alikaa mwanamke wa tiketi akitafuna chingamu.

"Alifia mle," alisema kabla hawajauliza, macho kwenye simu. "Kwenye kochi. Au kwenye kile kitanda cha chumba cha pili. Mimi nimeanza kazi juzi."

Ndani hapakuwa na kamba ya rangi yoyote. Lilikuwapo kochi refu la mahameli, kuukuu, sufi ikichungulia kwenye pembe, na juu ya kochi ukoo mzima ulikuwa umebanana kupigwa picha: bibi, mashemeji, wajomba, na baba mmoja aliyekalia mkono wa kochi huku ameweka chupa ya soda juu ya mgongo wa kochi lenyewe. "Songeni, songeni, mjomba haonekani," mpiga picha alikuwa akisema. Mjomba akaruka kidogo ili aenee. Mguu wa kochi ukalia, kilio chembamba cha mti uliochoka.

Bi Msiguse alikaza midomo. Alikuwa ameapa. Mjomba akaruka tena.

"Tafadhali msiguse."

Hakupandisha sauti. Ukoo mzima ulisimama kwa pamoja. Mwenye soda aliichukua chupa yake na, kwa kutojua pa kuiweka, akainywa yote. Mwanamke wa tiketi alitokea mlangoni, simu nyuma ya mgongo, akatema chingamu kiganjani. Hata dereva, aliyekuwa ameingia kutafuta choo, aliondoa mkono wake kwenye pazia.

Bi Msiguse alilipigia kochi magoti, akauchungulia ule mguu, akausogeza mahali pake. Kisha akavua mtandio wake, akaufunga kutoka mkono mmoja wa kochi hadi mwingine, akaukaza palipolegea.

"Kwani kweli alifia hapo?" aliuliza mwenye soda kwa sauti ya chini, kama mtu aliyechelewa kufika msibani.

Walimtazama wote mdomoni. Ndiyo kesho yenyewe, imekuja mapema. Bi Msiguse alisubiri sentensi ya kwanza ije, haikuja.

"Sijui," alisema. "Lakini ni la zamani, na mguu wake mmoja unauma."

Bibi wa ukoo ule, aliyekuwa na fimbo, aliitikia kwa kichwa kama anayeelewa kabisa. "Mwacheni apumzike," aliwaambia wanawe. Wakatoka nje mmoja mmoja, mjomba wa mwisho, akitembea kwa kunyata.

Jioni walirudi kwa njia ileile. Bi Msiguse alikuwa kichwa wazi, nywele zimetimka, na mtandio wake umebaki kazini huko nyuma.

"Kulia, mandhari," alisema dereva, kwa wasiwasi kidogo.

Safari hii aligeuka, akaitazama bahari mpaka kona ilipoificha, na ilipotokea tena akaitazama tena. Jumba jeupe lilipita juu yao, dirisha moja la ghorofani likiwa wazi.

"Dereva, yule mzee wa glavu hupumzika siku gani?"

"Nitamuuliza, mama."

"Mwambie aje kwangu. Aje auone mto. Na aje na pua yake, asikie na samaki."

Taa za mji zilianza kuonekana mbele. Binti wa kaka yake, ambaye tangu asubuhi hakuwa amenunua hata neno moja, alifunga kitabu chake na kidole kikiwa ndani.

"Shangazi, kesho utawaambia nini?"

"Nitawaambia wasiguse."