Lazima MA

Kuna wanaume walevi, kuna wanaume wa kubeti mpira, halafu kuna Theonest, ambaye hakuwa na kosa lolote duniani mpaka aliponunua pikipiki. Ni karani wa ofisi ya wakala wa forodha kule bandarini, Mhaya mpole, mtu ambaye ukimuuliza chai au kahawa anaomba kwanza afikirie. Pikipiki yenyewe ilikuwa nyekundu, mpya, bado ina nailoni kwenye kiti. Tangu ilipoegeshwa kwenye baraza ya nyumba yao ya kupanga pale Mtoni, mkewe Vaileth alijua kaletewa mke mwenza, tena wa aina mbaya zaidi: asiyepika, asiyefua, na asiyeweza kutukanwa akasikia.

Vaileth ni fundi cherehani. Binti wa Njombe, mkono mwepesi, mdomo mwepesi zaidi. Cherehani yake ilikuwa inakaa penye kivuli barazani. Sasa kivuli kilichukuliwa na pikipiki, naye akasogezwa upande wa choo. Asubuhi Theonest alikuwa anaifuta kwa kitambaa laini, na kitambaa chenyewe kilikuwa kipande cha satini ya mteja. Hayo yote Vaileth angeyameza. Kisichomezeka kilianza pale pikipiki ilipokaribia kilomita mia tano, ambapo inatakiwa kumwagwa oili ya kiwandani na kuwekewa oili mpya na filta mpya.

Theonest alianza kuuliza. Aliuliza vijana wa kijiweni, akamuuliza mlinzi wa ofisini, akamuuliza mchungaji baada ya ibada. Kila mtu alikuwa na jibu lake, na kwa mtu kama Theonest majibu saba ni mabaya kuliko kutokuwa na jibu kabisa. Mwishowe akaelekezwa Temeke, kwenye duka la spea la mwanamke anayeitwa Kokushubila. Mhaya mwenzake.

Kuanzia siku hiyo akawa anachelewa kurudi. Halafu akirudi, anaongea. Ma Koku anasema filta ya kopi karatasi yake inalowa inakuwa kama chapati ya jana. Ma Koku anasema oili usinunue ya kupimiwa, nunua ya chupa yenye lakiri. Ma Koku anasema pikipiki mpya ni kama mzazi aliyetoka kujifungua, wiki za mwanzo ndizo za kumwangalia. Katika mlo mmoja wa ugali na dagaa Vaileth alihesabu Ma Koku kumi na moja. Jina lake mwenyewe lilitajwa mara moja, wakati anaombwa chumvi.

"Ma" kwa Wahaya ni neno la heshima kwa mwanamke, na Vaileth alilijua vizuri, maana hata mama mkwe wake kule Bukoba anaitwa hivyo. Lakini mama mkwe ana miaka sabini. Zubeda, jirani wa mlango wa pili, ambaye kazi yake ni kuuza vitumbua asubuhi na habari mchana, alijitolea kupita Temeke kuangalia. Akarudi na ripoti kamili: huyo Ma ni mrefu, maji ya kunde, ana mwanya, na anauza spea kutwa nzima ila kucha zake zina rangi na hazina tone la oili.

"Shoga," Zubeda alimwambia, "mwanaume anayefundishwa oili na mwanamke, masomo hayaishiagi kwenye oili."

Ijumaa, Vaileth akiwa anafua, akakuta kikaratasi kwenye mfuko wa shati la Theonest. Mwandiko ni wa Theonest mwenyewe, ule wa kikarani, ulionyooka kama foleni ya benki: *Koku. Saa kumi. 20/50. Lazima MA.*

Akakisoma akiwa amechutama juu ya beseni, povu likimtiririka hadi kwenye viwiko. Koku, saa kumi, aliielewa. Ishirini kwa hamsini hakuielewa, ila Zubeda alimtafsiria papo hapo kwamba ishirini ndiyo itakayobaki nyumbani na hamsini inaenda Temeke. Lakini hiyo ya mwisho haikuhitaji mkalimani. Lazima Ma. Si "nikipata nafasi." Si "ikibidi." Lazima, na Ma mwenyewe kaandikwa kwa herufi kubwa. Yeye Vaileth, katika ndoa ya miaka miwili, hajawahi kuwa lazima ya mtu.

Hakupiga kelele. Mwanamke wa Njombe akinyamaza, ndipo uhame. Alichotaka sasa kilikuwa kimoja tu: mumewe amsikilize yeye, kwenye jambo hilohilo la oili, na huyo wa Temeke abaki na mwanya wake. Na kwani oili ni nini? Yeye anaijua oili tangu akiwa na miaka kumi na minne. Cherehani inataka oili nyepesi kama machozi. Ukiweka nzito inakwama, sindano inakatika. Mashine ni mashine.

Akavaa kanga ya kutokea, akaenda duka jingine kabisa la spea, la mzee Kazim, akaomba oili nyepesi kuliko zote zilizomo. Mzee Kazim akamuuliza ni ya chombo gani. Vaileth akajibu kwamba ni ya mume wake. Mzee Kazim, ambaye ameuza duka miaka mingi na ameshajua maswali gani hayana faida, akamshushia chupa ya rangi ya fedha inayong'aa, ya bei mbaya.

Jumamosi asubuhi Theonest alitoka na filta yake mpya, aliyoinunua Temeke, oili akiwa bado anaifikiria, akakuta mkewe amesimama barazani na faneli ya kumiminia, na ile chupa kama mtu anayekabidhi kombe. Vaileth alimwambia kwamba oili amemnunulia yeye, zawadi, ile bora kabisa. Theonest akaipokea. Akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akakaa nayo muda kama anasoma barua ya kufiwa. Akafungua mdomo. Akamtazama mkewe usoni. Akafunga mdomo. Kisha akamwita fundi pikipiki, Kasimiri, mambo yakamalizika, na Vaileth siku hiyo aliimba hadi jioni.

Siku ya nne pikipiki ikagoma. Si kwamba ilizima. Ilikuwa inalia kwa nguvu zote na haiendi. Pale kwenye kupanda kutoka daraja la Mtoni, Theonest alivuta mafuta mpaka watu wakageuka kutazama ndege, huku bibi mmoja mwenye ndoo kichwani akimpita taratibu. Akaisukuma hadi nyumbani, tai begani, jasho mpaka kwenye soksi. Hakulaumu mtu. Alikaa barazani akaitazama pikipiki jinsi watu wanavyotazama mgonjwa.

Vaileth alipiga hesabu zake za wivu, na wivu una hesabu zake. Oili ilitoka kwake. Filta ilitoka kwa Koku. Kwa hiyo mharibifu ni filta. Akatia ile chupa tupu kwenye mkoba kama ushahidi wa mahakamani na kushika njia ya Temeke.

Duka lilikuwa dogo na safi, na mwanya ulikuwepo kama ulivyotangazwa.

"Karibu, wifi," Kokushubila akasema, maana alishaonyeshwa picha yake kwenye simu.

"Wifi wa wapi? Filta yako imeniulia pikipiki ya mume wangu."

Kokushubila hakukasirika. Akauliza inafanyaje. Akaambiwa inalia na haiendi. Akauliza mlimimina oili gani. Vaileth akaitoa chupa na kuitua kwenye kaunta kwa kishindo. Koku akaigeuza nyuma, akasoma kidogo, akauliza nani aliichagua.

"Mie. Nyepesi. Cherehani yangu miaka yote nai..."

Akaishia hapo, maana Koku hakucheka, na huko kutocheka kulimuuma kuliko kicheko. Alimweleza polepole, kwa heshima, kama anavyomweleza mteja yeyote. Hii ni oili ya gari. Pikipiki ina tabia moja ya ajabu: klachi yake haikai pembeni, inaoga humohumo kwenye oili ya injini. Oili ya gari ina dawa ya utelezi. Ukiimimina kwenye pikipiki, sahani za klachi badala ya kushikana zinateleza, injini inapiga kelele na tairi halina habari. Filta haina kosa. Kwa hiyo mtu akinunua oili ya pikipiki, anageuza chupa, anatafuta herufi mbili. Akashusha chupa nyingine rafuni na kuweka ukucha wake uliopakwa rangi chini ya alama ndogo nyuma.

Vaileth akasoma. Akainama akasoma tena.

"Hii MA," akasema taratibu, "ndiyo hii ya kwenye karatasi?"

"Si nilimwandikisha mwenyewe? Ishirini hamsini, huo ndio uzito wa oili, na lazima MA. Nilijua atasahau."

"Nilidhani ni wewe."

Hapo ndipo Kokushubila alipocheka. Alicheka mpaka akashikilia rafu, filta mbili zikadondoka. "Mie nimekuwa lazima kwa nani, wifi yangu? Mume wangu mwenyewe haniandiki hata kwenye orodha ya sokoni." Akajifuta macho. Akasema huyo kaka yake kaja pale siku tisa mfululizo kuuliza maswali matatu yaleyale, na siku ya tano yeye alianza kudhani anaumwa. "Hivi wewe alichukua muda gani kukuchumbia?"

"Miaka mitatu."

"Basi pikipiki imependelewa."

Vaileth alicheka naye. Alikuwa ameshafika nje, chupa mpya mkononi, ndipo ikamchoma: siku tisa kwa pikipiki, miaka mitatu kwake. Na kabla hajamaliza kuchomwa na hiyo, ikaja nyingine kubwa zaidi, akasimama katikati ya njia, mkokoteni wa maji ukampigia mluzi. Yule mtu aliandika *lazima MA* kwa mkono wake. Na aliigeuza ile chupa nyuma.

Jioni hiyo Kasimiri alimwaga oili ya machozi, akaosha, akaweka ile ya Temeke, akazunguka nayo mtaa mmoja na kurudi akisema sahani hazijaungua, bahati yao safari za Theonest ni fupi. Alipoondoka, Vaileth akakaa kwenye ngazi karibu na mumewe.

"Uliona haina MA?"

"Niliona."

"Na ukaimimina."

"Ulikuwa umesimama na faneli mkononi, Vai. Unatabasamu."

Vaileth alijisikia vibaya, na kujisikia vibaya kwenyewe kukawa kutamu, kama kukuna kipele. Alikuwa ametaka asikilizwe, na kumbe alisikilizwa mpaka karibu sahani ziungue. Akamshika mkono. Akamwambia kwamba kuanzia leo akikosea aambiwe, chochote kile, hatakasirika.

Theonest akatafakari. Alitafakari muda wa kutosha chungu kuchemka.

"Lile shati la kitenge ulilonishonea Pasaka," akasema. "Linanibana kwapani."

"Tangu Pasaka?"

"Tangu Pasaka."

Vaileth akatikisa kichwa polepole, mkono wa mumewe bado uko mkononi mwake. Aliuliza kwa upole, upole uliomtisha hata yeye mwenyewe:

"Umeshamwambia nani mwingine?"

Theonest akauchomoa mkono taratibu, akaokota kitambaa cha satini, akaanza kuifuta pikipiki upande ambao tayari ulikuwa unang'aa.