Salamu niliyoiruka Msanzi, na jinsi ilivyonifundisha kazi ya ambulensi

Habari za muda huu wakuu. Sitaongeza chumvi hapa, kilichotokea kinatosha chenyewe.

Mimi ni mhudumu wa ambulensi Sumbawanga. Nakaa nyuma na mgonjwa, nahakikisha anafika hospitali akiwa hai.

Miaka miwili iliyopita tulimfuata mama mjamzito kule kijiji cha Msanzi, uchungu umembana. Nikaruka kutoka kwenye gari, nikampita mama mkwe wake mlangoni kama nguzo, nikaanza kupima presha. Nilijiona komando kweli kweli.

Sasa sisi Wafipa salamu ni kitu kizito. Unachuchumaa, unapiga makofi taratibu, mnajuliana hali. Nimezaliwa Chala, huku huku Ufipani, nimelelewa hivyo. Ila siku ile nilidhani sare inasalimia yenyewe.

Yule mama mkwe alininunia. Tulipanda naye gari, hakusema neno njia nzima.

Hospitali daktari akauliza, "Amekunywa dawa yoyote ya kienyeji?"

Sikuwa nimemuuliza mtu.

Kumbe mama mkwe alimnywesha mizizi ya kuharakisha uchungu. Mfuko wa uzazi ukachanika. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Iliniuma sana. Nikanunua daftari, nikaandika bila kujitetea: nilifanya nini, nilikosea wapi, safari ijayo nitafanyaje. Tangu hapo kila nikimaliza zamu naandika. Wenzangu walinicheka, eti nimerudi darasa la tatu. Aliyecheka kuliko wote ni dereva wetu mkongwe.

Mwezi uliopita tukaitwa kijiji kingine, mjamzito tena. Safari hii mkono mmoja uko kwenye mapigo ya mgonjwa, goti chini, namwangalia mama mkwe.

"Shikamoo mama. Pole kwa kuuguza. Hapa nyumbani mmeshamsaidiaje?"

Sekunde kumi tu, wakuu.

"Marahaba mwanangu." Akanisogelea. "Nimempa dawa ya mizizi asubuhi hii, kikombe kimoja. Usinigombeze."

"Sikugombezi mama. Umenisaidia sana."

Nikapiga simu hospitali pale pale. Tunafika, chumba cha upasuaji kiko tayari. Daktari akasema tungechelewa kidogo tu tungewakosa wote wawili. Mama mzima, na mtoto wa kike analia mpaka anasikika koridoni.

Nilivimba kichwa, sitawadanganya. Mpaka leo natembea kifua mbele.

Wiki iliyopita mganga mfawidhi akaniomba nifundishe wenzangu. Nikawasomea ukurasa wa Msanzi neno kwa neno, nikisubiri kicheko.

Hakikuja.

Kisha yule dereva akanyoosha mkono. "Na mimi ninalo kosa langu. Miaka kumi na moja sijamwambia mtu."

Akalisema lote, machozi yanamtoka, na hakuna aliyemkatisha. Nimesifiwa mara kadhaa kwenye kazi hii, ila fahari ya siku ile sijawahi kuipata.

Nilichojifunza: kosa linalofichwa halimsaidii mgonjwa yeyote, nililoliandika limeshawaokoa wawili.

Nyie wa kazi nyingine, makosa yenu mnayapeleka wapi? Karibuni, leteni hata ya aibu.