Humo Ndani Hakuna Mkenya

"Mkimpata Mkenya hata mmoja ndani ya kitabu hiki, nitakitafuna ukurasa kwa ukurasa, na chai ya rangi ya kuteremshia!"

Hayo aliyasema Peres Nanyama redioni, asubuhi, mbele ya taifa zima lililokuwa likipiga mswaki. Alikuwa ametoa kitabu chake cha kwanza kuhusu historia ya siasa za Ayalandi, kwa Kiswahili cha kusomeka na mtu wa kawaida, na mtangazaji akamkonyeza: "Mwalimu, tuambie sisi tu. Huyu mzee wa sura ya kwanza ni nani hasa?" Angejibu kwamba ni Mwayalandi, mambo yangekwisha. Akajitapa. Tangu siku hiyo, miaka sita sasa, hapiti Dagoretti Corner bila mtu kumwinulia kikombe kutoka kibandani: "Mwalimu, chai iko tayari! Leta kitabu!"

Peres alifundisha historia sekondari mpaka akastaafu, akaondoka na goti bovu na nyumba ya vyumba viwili Kabiria. Ayalandi hajawahi kuiona. Aliipata kwa sista mmoja wa huko aliyemfundisha utotoni kule magharibi ya Kenya, mkali kama pilipili, ambaye kila akifika mwaka wa 1922 aligeukia ubao ili wasichana wasimwone uso. Watu walipigania uhuru bega kwa bega, wakapata nusu ya walichotaka, bunge likaupitisha mkataba kwa tofauti ya kura saba, kisha wakageuziana bunduki wao kwa wao. Peres hakuusahau mgongo ule wa sista. Aliandika vitabu ili apate msomaji mmoja, mmoja tu, hapa Nairobi, atakayewasikitikia wale watu kwa majina yao wenyewe.

Alikosea mji. Mnairobi ukimpa hadithi ya nyani na sungura, atakuuliza nyani ni wa chama gani. Katika kitabu cha kwanza kulikuwa na kiongozi aliyebaki nyumbani, akawatuma wenzake London kutia sahihi, kisha akaukataa mkataba waliorudi nao. Nchi nzima ilimtambua papo hapo. Taabu ni kwamba kila mtu alimtambua mtu tofauti. Vijana wa maofisi ya Kilimani walitukanana kwenye WhatsApp. Kinyozi mmoja Kawangware alimfukuza mteja katikati ya ubishi, kichwa kimenyolewa upande mmoja.

Vitabu vikauzika. Cha pili kikauzika zaidi, cha tatu zaidi ya hapo, na kila nakala ilimwongezea Peres uchovu. Watu walimpongeza kwa ujasiri. Walimwombea usalama. Hakuna aliyemuuliza lolote kuhusu Ayalandi.

Alipomaliza cha nne, cha mwisho, akakipeleka mjini kwa Sharif Zuhair, mtu wa Lamu mwenye duka la vitabu, ambaye ndiye aliyemchapishia vyote. Alimkuta na mgeni, kijana wa suti inayong'aa, aitwaye Ephantus, msaidizi wa diwani fulani.

"Madam, mheshimiwa ana malalamiko," Ephantus akaanza kabla Peres hajakaa. "Amesoma vitabu zote tatu. Hayumo."

"Hayumo kwa sababu ni vya Ayalandi."

"Sawa, sawa, tumeelewa." Akakonyeza. "Lakini kwa hii mpya, hawezi pata hata kaukurasa? Hata mkimpiga risasi ni sawa, bora afe kama shujaa."

Sharif alimsindikiza hadi mlangoni kwa adabu zote za pwani, akarudi akijifuta jasho.

"Mwalimu wangu, kaa, pumua. Kitabu ni kizuri mno. Vyama viwili vilivyotokana na watu waliouana, vinachukiana karibu miaka mia, mwisho vinaunda serikali pamoja na kupokezana kiti cha waziri mkuu. Handisheki hiyo, mahasimu kupeana mikono kama wanasiasa wetu! Watu watavunja mlango. Ila safari hii wanataka ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Kurasa mbili tatu za mwisho. Fulani ni fulani. Usiandike majina mazima, mama, utatufungisha. Herufi za mwanzo tu."

"Sharif, fulani ni Mwayalandi. Wa huko huko, aliye hai na aliyekufa."

"Najua. Lakini kujua kwangu hakununui wino. Bila ufunguo, sichapi. Niwie radhi."

Peres akarudi Kabiria, akaweka goti kwenye beseni la maji moto, akaandika ufunguo. Kila jina, na mkabala nalo jina lilelile, mji aliozaliwa mtu huyo na, kama amekufa, mji aliozikwa. Chini akamalizia: *Huyu ni huyu. Hamna mwingine.* Alidhani amekata mzizi wa fitina.

Sharif aliusoma akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Umewaweza, Mwalimu!" Akachapa hivyohivyo. Wiki mbili baadaye jiji zima lilikuwa likibishana Cork, mji wa Ayalandi uliomo kwenye ufunguo, ni eneo bunge gani.

Mwezi uliofuata Peres alikuwa mjini kutafuta dawa ya goti, akamkuta Obuya, mchuuzi wa vitabu, amechutama kwenye magunia yake kando ya barabara. Mkononi ana wembe. Alikuwa akikata kurasa za mwisho za kitabu cha nne na kuzibana kwa pini.

"Sasa, mathe," Obuya akasema bila kumtambua. "Ufunguo? Mia mbili. Hii ndio iko na majina zenyewe."

"Mwenye kitabu amesema ni majina ya Waayalandi."

"Lazima aseme hivyo! Unataka afungwe?"

Peres akaonyesha rundo lililotupwa pembeni. "Na hivi?"

"Hizo nishatoa ufunguo. Zimebaki tu mambo ya Ayalandi."

Miaka sita alisubiri Mnairobi aitamke sentensi hiyo. Akasimama pale, goti likimwuma, watu wakimpiga vikumbo.

"Kuna anayenunua?"

"Nani? Labda mama mmoja wa njugu anayepitaga hapa alichukua moja, nikajua ni ya kufungia njugu. Juzi akarudi kuuliza kama niko na ile ya kwanza. Eti anataka kujua hao watu walikosania wapi, hadi wakae miaka yote hiyo bila kuongea."

"Hakuuliza ufunguo?"

"Hakuuliza."

"Anakaa wapi huyo mama?"

"Na mimi nitajuaje? Mathe, unanunua ama unazibia watu njia?"

Peres akainama kwa taabu, akachukua kimoja kutoka kwenye rundo, akakipangusa vumbi kwa leso. Akauliza bei.

Kitabu bila ufunguo ni shilingi hamsini.