Muia na Kufuli la Modemu

Itangazwe kwa wakazi wote wa Kawangware, kuanzia stage mpaka Riruta, na nakala ifike Kibera bila kuchelewa: Collins Muia, mwana wa Kitui, mpangaji wa chumba nambari sita, bingwa wa kuandika programu aliyefundishwa na video za bure, ndiye Engineer. Hakuna mwingine. Anayedai yupo mwingine na ajitokeze na ushahidi.

Ushahidi ulijitokeza mwezi wa tatu. Ulikuwa umevaa raba nyeupe na uliitwa Aluoch.

Kwa miaka miwili Muia alikuwa peke yake katika kiofisi cha Waithira, juu ya posho mill ya Ojwang, msaga unga. Biashara ya Waithira ilikuwa kutuma meseji kwa niaba ya wasio na muda: vyama vya mazishi, makanisa, wauza kuku. Meseji zote zilipitia modemu moja yenye laini moja, iliyochomekwa kwenye kompyuta moja kuukuu, na Muia aliilinda modemu ile kama bibi harusi. Kisha wateja wa Kibera wakaongezeka, na Waithira akamleta Aluoch, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akitengenezea watu wa Nyayo Highrise kompyuta zao. Aluoch akaandika programu yake. Sasa programu mbili zikawa zinakimbia kwa wakati mmoja, kila moja inamwaga maneno kwenye modemu ileile.

Wiki ya kwanza tu, watu wa Riruta wakapokea habari hii: "Kwa huzuni kuu tunatangaza kifo cha Mzee Kimotho, kilo mbili na nusu, ametolewa manyoya, tunaleta hadi mlangoni."

Familia ilikuja ofisini. Ilikuja yote.

"Ni laini mbaya," Muia akasema, baada ya familia kutulizwa na soda.

"Si laini," Aluoch akasema. "Ni sisi wawili tunaongea kwa mdomo mmoja."

Akaandika kitu alichokiita kufuli. Programu ikitaka kutuma, kwanza inachukua kufuli. Ikishatuma meseji moja, inaliachia ili nyingine nayo ipate zamu.

"Ni kama mferejini kwetu Kibera," alieleza. "Ukija na mitungi ishirini na watu wamesimama, hujazi yote. Unajaza mmoja, unarudi nyuma ya foleni. Ukijifanya kukaa hapo, akina mama watakuosha bila sabuni."

Muia, ambaye huletewa maji mlangoni kwa mkokoteni, alichekea puani. Lakini tangu siku hiyo hakuna marehemu mwingine aliyepimwa kwa kilo. Habari zikashuka ngazi. Asubuhi moja Ojwang, mweupe kwa unga, akapaza sauti kutoka chini: "Engineer! Niaje!"

Muia akainua mkono.

"Si wewe, buda. Huyo nyuma yako."

Mtu anaweza kufa kwa jambo kama hilo. Muia hakufa, ila chakula kilianza kukosa ladha. Alimchukia Aluoch kwa kunywa chai bila sukari, akisema ni maringo. Alichukia anavyoandika bila kuangalia vidole. Alichukia hata zile raba, maana inawezekanaje mtu atoke Kibera na kufika Kawangware msimu wa mvua na bado ziwe nyeupe?

Ndipo Waithira akatangaza kwamba Ijumaa, saa nne asubuhi, atachagua msimamizi mmoja wa mtambo wote, Kawangware na Kibera. Programu zote mbili zitatuma pamoja, na Kavetsa, muuza kuku ambaye meseji zake hupitia programu ya Aluoch, ataketi palepale simu mkononi ashuhudie.

"Mmoja ataongoza," alisema, "na mwingine atamfuata."

Muia alijiona akimfuata Aluoch. Akaziona zile raba zikimtangulia ngazini, kila siku, mpaka uzeeni.

Alhamisi mchana, Aluoch alipokwenda Kibera kumwona mteja, Muia alifungua programu. Yake mwenyewe, ya Aluoch hakuigusa, maana alikuwa mtu mwaminifu kwa kiwango chake. Akahamisha mstari mmoja tu. Ule wa kuachia kufuli, uliokaa baada ya kila meseji, akaupeleka chini kabisa, baada ya meseji zote mia sita za chama cha watu wa Kitui. Yaani atashika mfereji, ajaze mitungi yote mia sita, na Aluoch asimame nje kwenye jua. Kavetsa atasubiri nusu saa, na Waithira ataona kwa macho yake ni nani mzembe.

Alichosahau, kwa kuwa mwenye wivu hasomi mpaka mwisho, ni kwamba programu yake ikishatuma meseji hungoja kuambiwa kama imefika, ndipo itume ya pili. Na inayoileta habari hiyo, tangu kufuli liandikwe, ni programu ya Aluoch. Na ili kuichukua habari hiyo kwenye modemu, inahitaji kufuli.

Ijumaa saa nne zikawashwa. Meseji ya kwanza ya Muia ikatoka. Kisha kimya.

Programu ya Muia imekumbatia kufuli, inangoja habari. Programu ya Aluoch inangoja kufuli, ndipo ilete habari. Zilikuwa kama watu wawili waliokutana kwenye kichochoro cha Kibera, kila mmoja na godoro kichwani, kila mmoja akimngoja mwenzake arudi nyuma.

"Mimi sijapata kitu," Kavetsa akasema. "Kuku wangu watazeeka."

"Yangu imetuma," Muia akasema haraka.

"Ngapi?" Waithira akauliza.

"Moja."

"Kati ya?"

"Mia sita."

Aluoch akavuta kiti, akafungua rekodi. Kufuli lake lilikuwa na tabia ya kuandika jina la aliyelishika. Lilikuwa limeandika: Muia, saa nne na dakika moja. Akafungua programu ya Muia, akateremka mpaka chini, akauona ule mstari uliohamishwa. Akamtazama Muia. Muia akajikaza kama mtu anayengoja sindano.

Aluoch akafunga kila kitu.

"Kufuli limekwama, Madam. Hutokea. Nipe dakika tano niwashe upya."

Lakini Waithira hakuwa mtu wa kukubali mambo madogo. "Haliwezi kukwama lenyewe! Hapa kuna mtu ametuhujumu. Ni wale washindani wetu wa mtaa wa Satellite!" Akasimama. "Muia, umekaa na mashine hii miaka miwili. Nakwambia mbele ya Kavetsa: nitajie mtu huyo, na usimamizi ni wako leo hii. Kawangware na Kibera."

Cheo kikawa kimemwangukia mapajani. Kilichohitajika ni jina, na Muia alikuwa na majina matatu ya kusingizia. Akamgeukia Aluoch. Aluoch alikuwa anaitazama modemu, midomo imefungwa, hata hatabasamu. Alikuwa anamwachia cheo.

Hapo ndipo wivu ulipomkaba kabisa. Kumbe na roho pia anayo! Chai bila sukari, raba, kufuli, na bado roho nzuri. Muia angekalia kiti hicho kila asubuhi akijua kamegewa na nani.

"Sema, Engineer," Waithira akahimiza, kalamu tayari. "Ni nani?"

"Ni mimi," Muia akasema. "Nilitaka achelewe."