Nyoka Ilikuwa Yangu, Koko Akaitwa Mulozi

Nimekosa, na sina wa kumsukumia kosa hili. Mama ya bwana yangu hakuwa mulozi, hakuroga mutu hata siku moja! Ile nyoka niliinunua mimi, nikaificha mimi, na siku ndugu walipomhukumu yule muzee, nilikuwa nimekaa palepale, mdomo umefungwa.

Jina langu sitalisema. Niko maman mumoja wa hapa Bukavu, Nyalukemba, nafanya kazi ya biro, ofisini. Bwana yangu anafanya kazi Uvira, anarudi mwisho wa mwezi. Tuko na mutoto mumoja wa miaka tisa. Nitamwita Nsimire. Ana pumu.

Munganga wa hospitali alituambia: hakuna paka, hakuna mbwa, na mutoto alale mahali pakavu. Mahali pakavu, katika Bukavu hii ya mvua! Nikamhamishia chumba cha juu kinachopigwa na jua toka asubuhi mpaka jioni. Chumba kilikauka kweli. Lakini mutoto akabaki peke yake mule, anaangalia kwa dirisha wenzake wakicheza na mbwa wao. Siku moja akaniuliza:

"Maman, munyama asiye na manyoya hawezi kunikohoza, si ndiyo?"

Nilisoma kwa simu wiki nzima. Nikajua natafuta nini: nyoka nyembamba, ya kupanda miti, isiyo na sumu, inayovumilia hewa kavu. Nikaenda Bagira kwa papa mumoja ambaye watu wanamwita wakikuta nyoka ndani ya nyumba. Alikuwa na tatu.

"Hii ndogo ni chatu," akasema. "Leo inaenea mukononi, kesho itanenepa kuliko mutoto wako. Na inapenda unyevu." Ya pili ilikuwa ya kando ya ziwa, bila beseni ya maji haiishi.

Ya tatu aliiweka juu ya fimbo. Kijani, nyembamba kama kamba ya kiatu. Ikapanda yote bila kelele. "Hii, maman, kazi yake ni kupanda. Haina sumu. Unyunyize matone kwa majani, itakunywa, inatosha. Kama nyumba iko kavu, beba hii."

Nilichagua vizuri! Hilo ndilo linanichoma. Nyoka haikunikosea kitu.

Kosa langu lilikuwa kuficha. Bwana yangu anaogopa nyoka hata kwa picha. Nikatengeneza kabati la wavu, nikaweka tawi la avoka ndani, nikamwambia Nsimire: "Papa asijue. Koko asijue. Mutu yeyote asijue."

Koko ndiye mama ya bwana yangu. Alikuwa ametoka Katana kuja kukaa na sisi baada ya kufiwa na mume wake. Sikumpenda, nasema wazi. Alikuwa anaongeza chumvi kwa sufuria yangu bila kuniuliza. Nikichelewa kazini, anampigia mwanawe simu. Niliomba Mungu amrudishe kwake. Eeh, niliomba!

Siku ya Mungu moja, shemeji yangu na dada zake wawili walikuja kula kwetu baada ya misa. Asubuhi ile nilikuwa na haraka, sikufunga wavu. Tulipokuwa mezani, nyoka ikashuka polepole kwa rido, pazia la dirisha, mpaka kwa mgongo wa kiti cha Koko.

Makelele! Viti vikaanguka! Koko peke yake hakukimbia. Aliikunja taratibu ndani ya kitenge chake, akafungua dirisha, akaiachilia kwa miti.

Shemeji akauliza toka mlangoni: "Maman, ile nyoka inakujua?"

Koko akafunga dirisha.

"Ndiyo maana mutoto anakosa pumzi kwa hii nyumba!" wifi mumoja akalia. "Ni weye unamukula!"

Nsimire akafungua kinywa. Nikamfinya mkono kwa nguvu. Koko akamwangalia mutoto, akaniangalia mimi, akainamisha kichwa.

Neno moja tu! Wangenicheka, bwana angenikasirikia, ingeisha. Nikanyamaza. Na sitaficha tena kitu: ndani ya moyo nilifurahi. Mungu anihurumie, nilifurahi!

Kesho yake shemeji akamrudisha Katana. Bwana yangu alilia kwa simu, akaniuliza: "Weye ulikuwa pale. Ni kweli?" Nikajibu: "Niliona na macho yangu."

Toka siku hiyo Nsimire hakuniita maman tena. Aliniita Madame, kama anavyomwita mwalimu wake.

Miezi ikapita, tukasikia Koko yuko hospitali kule Katana, hali mbaya. Nikaenda peke yangu. Alikuwa amekwisha, mifupa mitupu. Nikapiga magoti.

"Koko, ile nyoka..."

"Najua. Ukiendaka kazi, nilikuwa napanda kule juu. Tulikuwa tunaikamatia mijusi, miye na mutoto."

"Sasa sababu gani haukusema?"

"Niseme iko ya mutoto? Mutoto mugonjwa, anacheza na nyoka? Bangemuita yeye ndiye mulozi. Bangemupeleka kwa maombi, eti kumutoa bulozi, bamunyime chakula, na kile kifua chake! Acha baseme miye, niko muzee." Akapumzika kidogo. "Nilikuwa nangojea weye useme iko yako."

Kisha akaniuliza kama Nsimire bado anakohoa asubuhi. Nikamshika mkono, nikamwambia ndiyo, kidogo.

Alikufa wiki ileile. Kwa mazishi, wanawake wa kwao walisimama mbali na sanduku. Nikashindwa. Nikasema kwa sauti: "Nyoka ilikuwa yangu! Nilinunua miye!"

Hakuna aliyeniamini. "Ni chagrin, huzuni ya kufiwa," shemeji akasema, "imemuharibu kichwa. Mumukalishe." Wakanishika mabega, wakanipa maji. Nililia nikirudia, na wao wanasema pole, maman, pole.

Bwana yangu peke yake aliniamini. Alinikaribia, akauliza jambo moja:

"Siku nilipokuuliza kwa simu, ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

Akamchukua Nsimire kwenda naye Uvira. Mutoto alipanda gari bila kugeuka. Sasa niko peke yangu kwa nyumba hii. Wale wa familia wanaendelea kumwita yule mama mulozi, na kila nikikana wananionea huruma!

Ndugu yangu unayesoma, usifanye kama mimi. Kama leo kuna mtu anatukanwa kwa jambo ulilolifanya wewe, simama useme. Usingoje wageni waondoke, usingoje hasira zipoe. Sema leo, yeye angali anasikia.